Mwuza-makala wa Aden na moto wa nyumba yake



Kila asubuhi, kabla kengele ya Misa ya kwanza haijalia, wamama wanashuka kutoka vilima vya Kabare na vya Walungu kuja Bukavu. Kamba imekaza kwenye paji la uso, gunia la makala liko mgongoni. Wengine wanaelekea soko la Kadutu, wengine Nyawera, wengine wanapita mlango kwa mlango. Chakula chetu sisi wapadri, na cha waseminari, na cha karibu mji wote, kinaiva juu ya babula kwa jasho lao.

Katika masomo ya historia tulifundishwa majina ya wafalme, ya maaskofu, ya majemadari na ya mapatano. Makala hayakutajwa. Hata hivyo bila makala mambo ya karne ya 19 na ya 20 hayaeleweki, wala kufika kwa Injili katika inchi yetu hakueleweki vizuri. Kwa hiyo leo twataka kusimulia habari za nyumba moja ya wafanya-biashara, baba na mtoto wake, waliouza makala ya mawe huko Aden, kwenye mlango wa bahari ya Shamu, na vile vile Unguja. Hawakuwa Wakristu, na hawakukanyaga Kivu hata siku moja. Lakini habari zao zinatuhusu, nasi twaomba msomaji atuvumilie mpaka mwisho ili aone ni kwa sababu gani.

1. Njaa ya meli

Makala ya wamama wetu ni mti uliochomwa chini ya udongo. Makala ya mawe ni kitu kingine: ni misitu ya zamani za kale iliyozikwa ardhini, ikagandamizwa mpaka ikageuka jiwe jeusi linalowaka. Sisi pia tunayo katika Kongo. Karibu na mto Lukuga, upande wa magharibi wa Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, yalichimbwa pahali palipoitwa Greinerville. Na Katanga yalichimbwa Luena.

Meli ya moshi ilikuwa na shida moja kubwa: ilikula makala mengi kupita kiasi. Ikiwa imechukua makala ya kutosha safari ndefu, haikubaki na nafasi ya watu wala ya mizigo. Mwaka wa 1830 meli Hugh Lindsay ilisafiri toka Bombay mpaka Suez, nayo ilijazwa makala hata pahali pa wasafiri. Basi ikaonekana wazi kwamba lazima kuwe na ghala ya makala katikati ya njia. Waingereza walitazama ramani, wakaona Aden: bandari nzuri, milima ya mawe pande zote, na njia ya India mbele yake. Tarehe 19 Januari 1839 waliishika kwa nguvu. Wakati ule mji ulikuwa umeanguka, wenye watu mamia machache tu, na maji yalikuwa haba. Ilitawaliwa toka India mpaka mwaka wa 1937.

Halafu, tarehe 17 Novemba 1869, mfereji wa Suez ulifunguliwa. Njia ya Ulaya kwenda India na Afrika ya Mashariki haikuzunguka tena rasi ya kusini. Meli zote zikapita mbele ya Aden, na zote zilikuwa na njaa. Makala yenyewe hayakutoka pale, kwa maana Aden haina hata mti. Mengi yalitoka migodi ya Wales, katika Uingereza, yakapakiwa bandari ya Cardiff katika merikebu za matanga, yakazunguka Afrika yote mpaka Aden. Msomaji atatambua jambo la ajabu: upepo ulileta chakula cha meli za moshi, nazo meli za moshi zikaua kazi ya upepo.

Mapadri Weupe wa kwanza walipita njia hiyohiyo. Tarehe 22 Aprili 1878 walipanda meli Marseille, watu kumi, wakapita Suez na Aden, na tarehe 30 Mei wakafika Unguja. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji walikwenda kwa miguu, wakatumia zaidi ya miezi saba, na Padri Pascal alikufa njiani mwezi wa Agosti. Tulipokuwa seminarini tulisikia mara nyingi habari za safari ile ya miguu: homa, hongo za wakubwa, wapagazi waliotoroka. Ile ya baharini, iliyotimia kwa muda wa siku 38 tu, haikusimuliwa. Lakini hesabu hiyo yenyewe inasema neno. Mahali penye makala, safari ya mbali sana ilipimwa kwa siku. Mahali pasipo na makala, safari fupi kuliko ile ilipimwa kwa miezi na kwa makaburi. Wale waliokuja nyuma yao, waliofungua misioni upande wa ziwa Tanganyika, na kisha, katika karne ya 20, misioni za Bushi, walisukumwa na moto huohuo.

2. Baba: Cowasjee Dinshaw

Katika miaka ya 1840 kijana mmoja alifika Aden kutoka India kutafuta kazi. Jina lake Cowasjee Dinshaw, aliyezaliwa mwaka wa 1827. Alikuwa Mparsi. Yafaa tueleze kidogo watu hao ni nani.

Waparsi ni wana wa Uajemi ya zamani. Waarabu walipoishinda Uajemi katika karne ya 7, watu wengi waliingia Uislamu polepole. Wengine walishika dini yao ya kale, ile ya nabii Zarathustra, na sehemu yao wakavuka bahari mpaka pwani ya Gujarat, katika India. Huko waliitwa Waparsi, maana yake watu wa Uajemi. Wamebaki kabila dogo sana, lakini wenye sifa ya kazi, ya elimu na ya sadaka. Watu wengi huwaita waabudu-moto. Si haki. Wao humwomba Mungu mmoja, wanayemwita Ahura Mazda, nao husimama mbele ya moto kama mbele ya alama ya mwanga wake na ya usafi wake. Moto wa hekalu lao haufai kuzimika. Mara tano kila siku mkuhani wao huulisha kuni safi, amejifunga kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiuchafue. Sisi tunaolinda taa ndogo mbele ya Tabernakulo tunaweza kufahamu heshima ya namna hiyo, ingawa sababu yetu ni nyingine kabisa. Tena wengi wamefikiri kwamba mamajusi waliofika Betlehemu walitoka katika dini ya Uajemi. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo la tarehe 28 Oktoba 1965, umetufundisha kutokukataa lolote la kweli na takatifu lililomo katika dini nyingine. Kwa moyo huo twawatazama watu hawa.

Basi Cowasjee alianza kazi kwa wengine, kisha katika miaka ya 1850 akaanzisha nyumba yake mwenyewe pamoja na ndugu zake. Ndiyo sababu iliitwa Cowasjee Dinshaw na Ndugu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, yeye alikuwa tayari. Alikuwa na ghala, mashua, wafanya-kazi, na zaidi ya hayo sifa ya mtu mwaminifu. Sharti tufahamu kazi ya mwuza-makala ilivyokuwa. Nahodha anafika usiku, hana siku ya kupoteza. Anataka makala mazuri, kipimo cha haki, na maji ya kunywa, na nyama, na mboga. Akidanganywa leo, kesho atasimama kwa mwuzaji mwingine. Biashara hiyo ilisimama juu ya neno la mtu. Nyumba ya Dinshaw ikawa wakala wa meli nyingi, ikapata meli zake yenyewe zilizokwenda pwani ya Wasomali, Berbera na Zeila, na ikafungua tawi Unguja, ambako iliuza makala na kuhudumia manowari za Uingereza.

Mwaka wa 1883 Cowasjee alijenga hekalu la moto huko Aden. Twaomba msomaji ashike tarehe hii akilini. Mtu aliyepata mali yake kwa kuuza mawe yanayowaka, alitenga sehemu ya mali hiyo kwa moto mwingine usiouzwa. Makala yake yaliwaka siku chache tumboni mwa meli, yakawa majivu. Moto wa hekalu uliwekwa ili usife.

Alikufa mwaka wa 1900, naye ameheshimiwa kama mmoja wa wajenzi wa bandari ya Aden ya siku hizo.

3. Mtoto: Hormusjee Cowasjee Dinshaw

Majina ya Waparsi yanasomeka kwa urahisi ukijua desturi yao. Jina la pili ni jina la baba. Cowasjee Dinshaw ni Cowasjee mtoto wa Dinshaw. Hormusjee Cowasjee ni Hormusjee mtoto wa Cowasjee. Na Hormusjee latoka katika jina la Mungu wao, Hormazd, yaani Ahura Mazda. Hivyo mtoto alibeba jina la Mungu, jina la baba na jina la babu. Kiisha watu wakawaongezea jina la nne: Adenwalla, maana yake mtu wa Aden. Walikuwa wageni, lakini bandari iligeuka ukoo wao.

Hormusjee ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, wakati makala yalipokuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Hakuwa mfanya-biashara tu; alikuwa msemaji wa mji. Mwezi wa Novemba 1911, mfalme George wa Tano wa Uingereza alipopita Aden akienda India kutawazwa mbele ya wakubwa wa Delhi, Hormusjee ndiye aliyesimama kusoma maneno ya kumkaribisha kwa jina la wenyeji wote. Baadaye akapewa cheo cha Sir.

Watu wa siku hizi wanaweza kumcheka: mtoto wa taifa lililotawaliwa anamsifu mtawala. Tusiharakishe kuhukumu. Mwezi wa Septemba 1931 Mahatma Gandhi naye alipita Aden akienda mkutano wa London. Wahindi na Waarabu walitaka kumpokea, lakini serikali haikupenda bendera ya taifa la India itwekwe. Gandhi alisema hawezi kukubali makaribisho yasiyo na bendera. Aliyeongoza mapokezi alikuwa Framroze Cowasjee Dinshaw, wa nyumba ileile. Alimpigia simu mkuu wa serikali, akasema naye, na bendera ikatwekwa. Kwa muda wa miaka 20 nyumba moja ilimsalimu mfalme na ikamsalimu yule aliyeutikisa ufalme. Mfanya-biashara wa bandari hujua kusoma upepo. Lakini siku ile ya 1931 iliomba pia ushujaa kidogo, kwa kuwa makala yaliuzwa kwa meli za serikali hiyohiyo iliyochukia bendera.

4. Watu wasio na jina

Mpaka hapa tumesimulia kama vitabu vinavyosimulia: baba, mtoto, mwaka, cheo. Sasa tuulize neno moja rahisi. Makala yale yalipandaje melini?

Yalipanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mashua zilizojaa makala zilisogea ubavuni mwa meli, mbao zikalazwa, wachukuzi wakapanda na kushuka, mchana na usiku, kikapu baada ya kikapu, huku vumbi jeusi likiingia machoni na kifuani. Aden wengi wao walikuwa watu wa milima ya Yemeni waliokimbia njaa, tena Wasomali. Waliajiriwa kwa makundi, kila kundi lina mkubwa wake aliyeitwa mukadamu. Yeye alipokea mshahara wa wote na kuugawa, na kila mtu anaweza kufikiri jinsi ulivyogawanywa. Ndani ya meli, mbele ya tanuru, walikuwamo Waafrika wengi wa pwani yetu ya mashariki, walioitwa Siidi. Kazi yao ilikuwa kutupa makala motoni katika joto lisilovumilika. Wengine kati yao, ama baba zao, walikuwa watumwa waliookolewa baharini.

Unguja mambo yalikuwa ya kuhuzunisha zaidi. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa, na manowari za Uingereza zikazunguka bahari kuwinda majahazi ya wauza-watu. Kazi hiyo ilikuwa njema, na Kardinali Lavigerie mwaka wa 1888 aliamsha Ulaya nzima ili iendelezwe hata barani. Lakini katika bandari ya Unguja utumwa wenyewe haukufutwa mpaka amri ya mwaka wa 1897. Kabla ya hapo wengi wa vibarua wa mjini na wa bandarini walikuwa watumwa ambao mabwana wao waliwakodisha. Mchana walibeba mizigo. Jioni walimpelekea bwana nusu ya mshahara, mara nyingine zaidi ya nusu. Makala pia yalikuwa mizigo yao. Kwa hiyo meli iliyotoka kuwawinda wauza-watumwa iliweza kuondoka bandarini na tumbo lililojazwa kwa mikono ya watumwa.

Kosa hili halikuwa la nyumba moja. Lilikuwa la bandari nzima, la wauzaji na la wanunuzi, la serikali na la wasafiri. Hata abiria mwema, mwenye breviari mkononi, alisukumwa na kikapu kile. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika barua yake juu ya haki ya wafanya-kazi tarehe 15 Mei 1891. Meli zilizoleta barua ile kwa wamisionari wa Afrika ziliendeshwa kwa kazi ya watu ambao ndio hasa walioihitaji.

Nasi twajua majina mangapi ya wachukuzi wale? Jina la Cowasjee limeandikwa, na la Hormusjee, na la Framroze. Meli zenyewe zina majina: Hugh Lindsay ilikuwa mbao na chuma tu, lakini jina lake tumelisoma. Mtu aliyepanda ubao mara mia usiku mmoja hana jina.

Wazee wa Eklezia walijua hatari hiyo. Mtakatifu Gregori wa Nisa anasimulia kwamba mji wa Komana, katika Ponto, ulitafuta askofu wake wa kwanza mbele ya Mtakatifu Gregori Mtenda-miujiza. Wakubwa walitaja watu wenye ukoo, wenye mali na wenye maneno matamu. Gregori akawaambia wasiwasahau wanyonge. Mmoja akasema kwa mzaha: basi tumchague Aleksanda mchoma-makala. Watu wakacheka. Gregori hakucheka. Akamwita. Akaja mtu mchafu, uso mweusi kwa vumbi. Alipomhoji faraghani aliona mtu mwenye elimu na utakatifu, aliyeuficha uso wake chini ya makala kwa ajili ya unyenyekevu. Akaoshwa, akavikwa, akawekwa kuwa askofu. Baadaye akafa shahidi kwa moto. Tunamkumbuka tarehe 11 Agosti. Yule aliyetaja jina lake kwa kumcheka ndiye aliyelihifadhi. Kama asingetajwa, hata leo tusingelijua.

5. Makala yazimika, moto wahamia

Nyumba iliyojengwa juu ya makala haikuangushwa na adui. Iliangushwa na mafuta. Miaka michache kabla ya vita ya 1914, manowari za Uingereza zilianza kuacha makala na kuchoma mafuta ya petroli, na meli za biashara zikafuata. Mafuta hayahitaji vikapu. Mpira mmoja na pampu vyatosha. Aden yenyewe haikupata hasara upesi: mwaka wa 1954 kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilifunguliwa ng'ambo ya bandari, na katika miaka ile meli zilikuwa nyingi sana. Nyumba za zamani ziliendelea kwa kazi nyingine. Lakini biashara ya makala ilikwisha polepole, pamoja na kazi ya mchukuzi. Mshahara wa jasho ulikoma, na hakuna aliyempa mchukuzi mshahara mwingine.

Halafu mapigo yalifuatana. Mwezi wa Juni 1967 vita ya Misri na Israeli iliufunga mfereji wa Suez, ukakaa umefungwa miaka minane. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule Waingereza walitoka Aden, na inchi ikapata uhuru. Mwezi wa Novemba 1969 serikali mpya ilitwaa benki na nyumba kubwa za biashara za wageni. Waparsi waliondoka, wengi wakarudi India ambayo babu zao waliiacha zaidi ya miaka mia moja mbele. Maghala, mashua, nyumba za ghorofa, yote yalibaki.

Hekalu lilibaki likiwaka. Mlinzi wake hakuwa na watu tena wa kusali pamoja naye. Je, moto uachwe uzimike? Maombi yalipelekwa, serikali ya India ikasema na serikali ya Aden, na mwezi wa Novemba 1976 moto ulihamishwa. Ulipandishwa ndege ya Air India ukiwa unawaka, na waliouongoza ndege walikuwa Waparsi wenyewe. Ulifikishwa Lonavala, mji wa milimani kati ya Bombay na Poona, ukawekwa katika hekalu lililoitwa kwa jina la Adenwalla. Tangu 1883 mpaka 1976 ni miaka 93.

Wao walioishi kwa makala hawakuokoa ghala hata moja. Walichochukua toka Aden ni kile ambacho mzee Cowasjee alikitenga bila kutafuta faida.

6. Neno kwetu

Msomaji ameanza kuona kwa nini tulichagua habari hii. Twataka kusema mambo mawili, la pili likiwa zito kuliko la kwanza.

La kwanza ni juu ya mali. Bukavu pia ni mji uliopanda na kushuka kwa biashara za watu. Uliitwa Costermansville, kisha Bukavu. Umeona mashamba ya kwinini na ya kahawa, umeona zahabu na coltan, umeona matajiri waliojenga kando ya ziwa na waliokimbia usiku. Sisi wenyewe tumeshuhudia jamaa zikiondoka na mzigo mmoja kichwani. Siku kama hiyo mtu huokoa nini? Jamaa ya Kikristu iliyojenga nyumba nzuri, lakini haikutenga saa ya kusali pamoja wala sehemu ya maskini, itakuta siku ile kwamba haina kitu cha kubeba. Mzee yule Mparsi alitenga mapema, wakati biashara ilipokuwa inapanda. Wakatekista wanaweza kuwaeleza hivyo wazazi wanaojiandaa kubatiza watoto wao.

La pili ni juu ya majina, na hapa tunajishitaki wenyewe. Tulipokuwa wapadri wapya tulikaa katika parokia moja ya milimani. Mama mmoja alituletea makala kila juma, karibu miaka miwili. Tulimsalimu, tulimlipa, mara nyingine tulimpunguzia bei tukijiona werevu. Tulimwita mama wa makala, naye aliitika. Siku moja hakuja, wala juma lililofuata. Kiisha akaja mtoto wake, msichana wa miaka 12 hivi, akaomba Misa kwa ajili ya mama yake aliyekufa. Tulifungua kitabu cha nia za Misa, tukashika kalamu, tukauliza: jina lake nani? Msichana alitutazama kwa mshangao, kwa maana alifikiri tunalijua. Alilitaja, naye alitaja jina la ubatizo. Tulitafuta katika kitabu cha ubatizo, tukalikuta limeandikwa vizuri kwa mkono wa padri aliyetutangulia, pamoja na jina la baba, la mama na la msimamizi. Padri yule aliandika jina. Sisi tuliokula chakula kilichopikwa kwa makala yake hatukuuliza.

Tangu siku hiyo tunasoma historia kwa jicho lingine. Eklezia ina kitu ambacho wauza-makala wa Aden hawakuwa nacho. Katika kila parokia, hata ile ya mbali kabisa, kuna vitabu ambamo mchukuzi na tajiri wameandikwa kwa wino mmoja, kwenye ukurasa mmoja, kwa mistari iliyo sawa. Bandari haikuwa na kitabu cha namna hiyo. Vitabu vyetu vinaliwa na mchwa, vinalowa mvua, vingine viliungua katika vita. Yafaa vinakiliwe na kutunzwa. Na waseminari wanapokwenda likizo, wawaendee wazee wa kazi: wachoma-makala, wapagazi wa zamani, wavuvi wa Kivu na wa Idjwi, wapiga-makasia, wamama wa soko. Wawaulize: wewe ni nani, mtoto wa nani, nani alikufundisha kazi hii, mizigo ilikuwa mizito namna gani, mlilipwa nini? Waandike. Kazi hiyo haidai mashine wala feza nyingi. Yadai daftari, kalamu na subira.

Tena wasisahau kuuliza makala yanatoka wapi siku hizi. Msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1970, unaliwa kila siku kwa ajili ya babula zetu. Aden haikujali mlima wa Wales uliotobolewa kwa ajili yake, wala bega lililochubuka. Ilitazama moshi wa meli tu. Tukitazama sufuria tu, tutafanana nayo. Mama anayebeba gunia hana kuni nyingine wala kazi nyingine, na mahubiri matupu juu ya miti hayatamlisha. Kwanza tumjue, halafu tutafute pamoja naye.

Injili ya Mtakatifu Yohana yataja moto wa makala mara mbili. Mara ya kwanza ni katika ua wa kuhani mkuu, ambapo Petro aliota moto akasema hamjui Bwana. Mara ya pili ni kando ya ziwa, asubuhi, ambapo Yezu mwenyewe aliwasha makala, akaweka samaki juu yake, akawaandalia wavuvi waliochoka. Hapo alimwita Petro kwa jina lake na kwa jina la baba yake, mara tatu. Kesho asubuhi, gunia litakapofika mlangoni mwa jikoni, tunaweza kuanza na hilo.